Mathias Mnyampala na Historia ya Wagogo

Vitabu vya Kiswahili vilivyotungwa na watu wa bara juu ya kabila zao wenyewe si vingi, na vile vinavyodumu kusomwa hata leo ni vichache zaidi. Kimoja chao ni Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika, kilichoandikwa na marehemu Mathias Eugen Mnyampala na kutolewa na East African Literature Bureau mwaka 1954. Huenda msomaji wa Morogoro akauliza, Sisi na Wagogo tuna nini? Wao ni watu wa nchi kavu na ng'ombe, sisi ni watu wa milima na mito. Twajibu kwamba tuna jambo moja kubwa pamoja nao, nalo ndilo lililotutia shauri la kuandika kurasa hizi: Wagogo na Waluguru, wote wawili, tangu kale hawakuwa na kiti kimoja cha enzi.

Aandikaye habari za watu wenye ufalme hupewa uzi wa kushika. Mwandishi wa habari za Wakilindi wa Usambaa, au wa habari za Buganda, huanza kwa mfalme wa kwanza, akafuata mtoto baada ya baba, na kila jambo hupata mahali pake chini ya jina la aliyetawala. Lakini Ugogo palikuwa na watemi wengi, kila mmoja na nchi yake ndogo na mawe yake ya mvua, na koo zao husimulia kwamba zilitoka pande mbalimbali, nyingine Uhehe, nyingine Unyamwezi. Huku Uluguru nchi ilikuwa mikononi mwa koo zifuatazo upande wa mama, lukolo kwa lukolo, na kila mlango una mkubwa wake, mndewa, mwenye kugawa mashamba na kukumbuka makaburi. Jina letu lenyewe halisemi zaidi ya kuwa sisi ni watu wa milimani. Na Wagogo, kwa kisa kisimuliwacho sana, walipewa jina lao na watu wa misafara kwa ajili ya gogo la mti. Sasa watu waliopewa jina na wapita njia, historia yao ianzie wapi, na imfuate nani? Mnyampala alijitwika swali hilo, na kwa sababu hiyo kitabu chake chatuhusu sisi kuliko vitabu vingi vya majirani walio karibu zaidi.

Alizaliwa mwaka 1917 huko Ihumwa, karibu na mji wa Dodoma. Ulikuwa mwaka mbaya. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalikuwa yametwaa nafaka na ng'ombe, vijana walichukuliwa kwa upagazi, kisha mvua ikakosa, ndipo ikaja njaa ambayo Wagogo huiita Mtunya, iliyoendelea hata 1920. Yakadiriwa kwamba katika Ugogo watu wapatao 30,000 walikufa. Wazee wa huko huhesabu miaka kwa majina ya njaa, kama wengine wahesabuvyo kwa majina ya wafalme, na mtoto aliyekulia kati ya watu waliosalia katika Mtunya hakosi kusikia habari za kale zikisimuliwa kwa uchungu. Mnyampala alipata elimu yake kwa Wamisioni Wakatoliki, akafundisha shule kwa muda, kisha akaingia kazi ya serikali. Alikuwa karani, baadaye liwali, na baada ya Uhuru alifanya kazi ya hakimu. Alifariki mwaka 1969, kabla ya kutimiza miaka 52. Habari za maisha yake aliziandika mwenyewe katika Maisha ni Kugharimia, ambacho kilikaa mswada miaka mingi hata kikachapwa mwaka 2013.

Watu wengi humjua kwa ushairi kuliko kwa historia. Alitoa Diwani ya Mnyampala mwaka 1963, na Waadhi wa Ushairi mwaka 1965. Utenzi wa Enjili Takatifu ulipigwa chapa Ndanda, katika kiwanda cha Wabenediktini, mwaka 1963. Mtu wa Ugogo, tena Mkristo, kuushika ushairi wa pwani pamoja na vina vyake na mizani zake, na kukubaliwa na washairi wa pwani kuwa mwenzao hata wakamweka mbele katika chama cha UKUTA, si jambo dogo. Hata hivyo hatufichi kwamba mashairi yake mengi twayaona mazito. Maneno ya Kiarabu ameyapanga kama mtu apangaye vyombo vya kigeni mezani siku ya wageni, na msomaji hulazimika kutafuta kamusi palipo na neno la kila siku ambalo lingefaa zaidi. Katika historia yake hakufanya hivyo. Hapo lugha yake ni nyepesi, sentensi zake zimenyoka, na mtoto wa darasa la juu aweza kuzisoma bila kusaidiwa. Tungependa zaidi mashairi yake kama angeyaandika mtu yule yule aliyeandika historia.

Jambo la kwanza la kusifu katika kitabu hicho ni kwamba aliyekiandika ni mmoja wa watu wanaosimuliwa. Kabla yake habari za Wagogo ziliandikwa zaidi na wageni. Wasafiri wa karne iliyopita kabla ya ile, walipopita Ugogo na misafara yao, waliandika zaidi juu ya ukosefu wa maji na juu ya hongo waliyotozwa na watemi, wakawapa wenyeji sifa ya ukorofi. Mtu akivisoma vitabu vyao tu, ataona Ugogo ni njia ya kupita, yenye watu wanaosumbua wapitao. Katika kitabu cha Mnyampala Ugogo ni nyumbani. Hongo inakuwa haki ya mwenye nchi kwa mtu anayekunywa maji ya visima vyake, na ng'ombe si mali tu, ni kiungo cha ndoa na udugu. Kugeuza huko mahali pa kusimama, kutoka barabarani mpaka ndani ya tembe, ndiko kulikokifanya kitabu kiwe na thamani, hata kama kisingekuwa na jambo jingine.

La pili ni lugha. Aliandika kwa Kiswahili, si kwa Kigogo, na wako walimu wanaomlaumu kwa hilo. Sisi hatumlaumu. Angeandika kwa Kigogo angesomwa na watu wa Dodoma, Mpwapwa na Manyoni, basi. Kwa Kiswahili alimjulisha Mgogo kwa Mmakonde na kwa Mhaya, na hata kwetu. Lakini faida hiyo ina gharama yake, na gazeti hili, lishughulikalo na lugha na desturi, halina budi kuitaja. Desturi ya watu imo ndani ya maneno yao. Tuchukue mfano wa kwetu. Waluguru huita mlango wa ukoo kwa jina la tombo, yaani titi, maana wote wa mlango huo ni kama walionyonya titi moja. Ukiandika kwa Kiswahili, Mlango wa ukoo humiliki shamba, hukusema uongo, lakini mama ametoweka katika sentensi, na msomaji wa kabila lifuatalo upande wa baba atafikiri kwamba mlango ule ni wa baba na wanawe. Ndivyo kosa kubwa liwezavyo kuingia kwa tafsiri iliyo sahihi. Mwandishi wa mila akitumia Kiswahili, yafaa alihifadhi neno la wenyeji, alieleze mara moja, kisha aendelee kulitumia bila haya. Mtemi na tembe vimeingia hivyo katika Kiswahili, wala hakuna aliyeumia.

Sasa twaja kwenye jambo ambalo hatukubaliani naye. Sehemu kubwa ya habari zake za kale hufuata koo za watemi na nchi walizotawala. Msomaji akifika mwisho ameona Ugogo mmoja, wenye watu wamoja, uliogawanyika katika nchi zenye mipaka na wenye nchi wanaojulikana. Picha hiyo yavutia, lakini twashuku kuwa ni picha ya ofisini kuliko ya barazani. Mtemi wa kale alikuwa mtu wa mvua na wa baraka ya mbegu. Aliyekuwa na shida ya mvua alimwendea, na aliyehama na ng'ombe zake akaenda kwingine alipata mtemi mwingine huko. Waingereza walipoleta sheria ya mwaka 1926 ya kutawala kwa njia ya wakubwa wa wenyeji, mtemi akawa mtu wa kodi, wa baraza na wa mpaka wa nchi, na kila aliyedai kiti hicho alilazimika kuonyesha nasaba yake. Mnyampala alikuwa karani wa serikali katika zama hizo. Nasaba alizozisikia zilikuwa zimekwisha kunyoshwa na wenyewe, kwa sababu kulikuwa na mshahara ndani yake. Mtemi aliye kitini alikuwa na sababu ya kusimulia, na ndugu wa yule aliyenyimwa kiti alikuwa na sababu ya kunyamaza, au ya kusimulia tofauti pasipo kusikizwa na karani.

Si kwamba mwandishi alidanganya. Twaona sababu ni nyingine, na ili kuieleza twamwomba msomaji aangalie kazi ya mwisho ya maisha yake, yaani ngonjera. Jina la Mnyampala na ngonjera haviachani. Ngonjera za UKUTA zilitoka baada ya kufa kwake, kitabu cha kwanza mwaka 1970 na cha pili mwaka 1971, na kwa miaka mingi watoto wa shule zetu walizighani siku za sikukuu mbele ya wazazi. Ngonjera ni mabishano kwa mashairi. Mmoja hajui au anapinga, mwenziwe anajua. Wanajibizana ubeti kwa ubeti, hata mwisho yule asiyejua anaongoka na kushukuru. Kila aliyewahi kusimama mbele ya darasa aitambua namna hiyo mara moja. Ni swali na jibu la mwalimu na mwanafunzi, na jibu limekwisha kuandikwa ubaoni kabla swali halijaulizwa. Kwa kufundisha Azimio la Arusha mwaka 1967 na kuendelea, lilikuwa umbo la kufaa sana. Lakini katika ngonjera hatujapata kumwona mpinzani mwenye haki akiondoka jukwaani na haki yake.

Na historia ya Wagogo, ingawa ilitangulia ngonjera kwa miaka mingi, tabia yake ni hiyo hiyo. Wazee walikuja na maneno yao mengi, nao mwishoni wamekubaliana. Kwa sauti iliyo moja, tulivu, iliyopangwa vizuri, koo zilizotoka mashariki na zilizotoka kusini zimekuwa kabila moja lenye desturi moja. Mwalimu alipenda somo liishe kabla kengele haijalia.

Tuseme kwa mfano wa karibu, maana Ugogo hatukuzaliwa. Katika mji wetu wa Morogoro, nani alikuwa Kisabengo? Jambo hili halina shaka: alikuwa mtu wa Uzigua, aliyejenga mji wenye boma chini ya milima katikati ya karne ya kumi na tisa, na kwamba baada yake alitawala binti yake, aliyejulikana kwa jina la Simbamwene, ambalo mji nao uliitwa. Stanley alipopita mwaka 1871 aliuona mji huo na kuta zake, akausifu. Ukiwauliza wanaojihesabu kuwa wazao wa mji ule, Kisabengo ndiye baba wa Morogoro, aliyewapokea wakimbizi waliotoroka utumwa na kuwapa mahali pa salama nyuma ya ukuta. Ukipanda Kinole, kwenye nchi ya Kingalu, mwenye mvua, jina lile lile ni jina la mtekaji aliyewafukuza watu kutoka mabonde yao na kuwachukua watoto wao. Wakimbizi walikuwapo, na mateka walikuwapo. Huenda mtu mmoja alikuwa na vyote viwili nyuma ya ukuta mmoja, katika zama zile biashara ya watu ilipokuwa imefika mpaka milangoni petu. Mwandishi akitaka sauti moja, itambidi achague: ama Kisabengo mjenzi, ama Kisabengo mtekaji. Akichagua cha kwanza, mtoto wa Kinole atasoma shuleni kwamba babu yake alikuwa mwongo.

Wala jambo hili si la vitabu tu. Katika milima ya Uluguru habari ya kale ndiyo hati ya shamba. Mndewa anaposimulia ni nani aliyefika kwanza katika kijito fulani, ni nani aliyekaribishwa na nani, na kaburi la nani liko chini ya mti upi, hasimulii kwa kupitisha jioni. Anaeleza kwa nini mlango wake hulima upande huu na wale wengine hulima kwa ruhusa. Kila msimulizi hujua kwamba yuko mwingine ng'ambo ya kijito mwenye masimulizi yake, na amani ya kijiji imesimama juu ya kutambuana huko. Mtu akiandika la mmoja na kuliacha la mwenziwe, ameamua kesi bila kuita mashahidi. Mwaka 1955 serikali ilijifunza kwa gharama jinsi nchi hiyo isivyoamriwa na mtu mmoja: ilikuwa imewatumainia wakubwa wake iliowaweka yenyewe ili kuwalazimisha watu kukata matuta ya ngazi milimani, hata watu wakaasi huko Matombo, damu ikamwagika, na mpango wote ukaachwa. Waliotoa amri walikuwa wameamini kwamba Uluguru una kiti kimoja, na kwamba aliyekaa kitini akisema ndiyo, milima imesema ndiyo.

Twajua jibu ambalo marafiki wa Mnyampala watatupa. Watasema kwamba mwaka 1954, mwaka ule ule TANU ilipozaliwa, haikuwa saa ya kuhesabu mifarakano ya koo. Mwafrika alikuwa akiambiwa kwamba hana historia, na kazi ya mwandishi ilikuwa kuionyesha, kamili, yenye mwanzo na mwisho, ili ipate kusimama mezani karibu na vitabu vya wengine. Jibu hilo lina nguvu, na hatulipuuzi. Sisi wenyewe tuliosoma katika shule za misheni twakumbuka jinsi vitabu vya historia vilivyotupitisha katika nchi za mbali, vikapita juu ya milima yetu kama mawingu. Mtoto wa Kigogo aliyekipata kitabu hiki alipata mali. Na tena, watemi ambao nasaba zao alizihifadhi waliondolewa madaraka yao mwaka 1963, miaka 9 tu baada ya kitabu kutoka. Kama asingeandika alipoandika, baadhi ya habari zile zingezikwa pamoja na vyeo. Lakini jibu hilo laeleza kwa nini aliandika hivyo, halielezi kwa nini tuendelee kusoma hivyo.

Wageni wameendelea kukitumia kitabu. Mwaka ule ule wa 1969 aliofariki mwandishi, Peter Rigby alitoa kitabu chake cha Kiingereza juu ya ng'ombe na udugu wa Wagogo, chenye kuonyesha kwa urefu jinsi koo za Ugogo zilivyochanganyika na kuhamahama. Mwaka 1995 Gregory Maddox alikitafsiri kitabu cha Mnyampala kwa Kiingereza, kikachapwa Marekani, pamoja na maelezo yanayomweka mwandishi katika zama zake. Twafurahi, ila twaona ajabu kidogo kwamba mwanafunzi wa ng'ambo apewe kitabu hicho pamoja na maelezo ya kumwonya, na mwanafunzi wa Dodoma akisome bila onyo lolote. Kitakapochapwa tena kwa Kiswahili, tungeomba maneno ya mwandishi yaachwe yalivyo, wala yasisahihishwe, lakini nchi kwa nchi yaongezwe masimulizi ya koo ambazo hazikuwa na kiti: wahunzi, waganga, waliokuja kwa njaa wakapokelewa, na wanawake, ambao katika nasaba za watemi hutajwa wanapozaa tu.

Kwetu Uluguru, Padre Canute Mzuanda alitoa Historia ya Uluguru hapa Morogoro mwaka 1958, miaka 4 baada ya kitabu cha Wagogo, na kitabu hicho chastahili kuhakikiwa peke yake, katika toleo jingine. Hapa twasema tu kwamba wako walimu wa Mgeta, wa Matombo na wa Kinole ambao wamekwisha kuanza kuandika katika madaftari yao maneno ya wazee, na baadhi yao hutuletea ili tuyasome. Madaftari hayo ni mazuri, lakini mengi yana alama ile ile: mzee wa kwanza ameandikwa kurasa 10, na wa pili, aliyekataa maneno ya wa kwanza, ameandikwa mstari mmoja, kwamba naye aliulizwa. Tungependa kuziona kurasa za huyo wa pili, na jina la lukolo yake juu yake.